Gololi Nyeusi Moja

Jumatatu jioni, supu ikiwa bado mezani, Alois Vondra alimwambia mkewe kwamba kasha linaondoka Ijumaa.

"Kasha lipi?" Blazena aliuliza, ingawa nyumbani mwao hapakuwa na kasha jingine.

"La chama. Yule binti wa hifadhi ya nyaraka kule mjini Lincoln ameandika. Anakuja na gari. Wanataka kila kitu, mama. Vitabu vya mikutano, vitabu vya ada, vyeti vya mazishi, mikanda ya kuvaa kwenye maandamano, hata nyundo ya mwenyekiti. Wataviweka kwenye chumba kisichoingia unyevu, watu wa chuo wasome."

Blazena alitazama kasha. Lilikuwa chini ya dirisha la sebule tangu Alois alipochaguliwa katibu wa Chama cha Udugu, na katibu ndiye anayekaa na vitabu. Yeye ndiye aliyelipangusa kila Jumamosi miaka yote hiyo. Juu yake alitandika kitambaa alichofuma mwenyewe, akapanga vyungu vya maua. Kilichokuwa ndani hakikumhusu hata kidogo, isipokuwa mstari mmoja.

"Watu wa chuo wanajua Kicheki?"

"Wengine wanajua. Ndiyo kazi yao."

"Basi kabla hawajaja, kata ukurasa mmoja."

Alois hakuuliza upi. Alichovya mkate kwenye supu, akautafuna polepole kama mtu mwenye jino bovu.

"Kitabu cha mikutano hakikatwi," alisema mwishowe. "Kila ukurasa una namba na mhuri. Niliapa."

"Uliapa na kwangu pia. Kanisani."

"Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Najua ni mawili. Nimeona moja lilivyotunzwa na lingine lilivyotunzwa."

"Blazena."

"Mimi sitaki wanafunzi wa Lincoln wakae na kahawa yao wasome kwamba mke wa katibu alikataliwa. Tena kwa mwandiko wa mumewe, mzuri, wa kupinda kona. Hata hukutetemeka mkono."

"Mimi niliandika lililotokea. Katibu kazi yake ni hiyo." Alisukuma bakuli. "Kanuni ni kanuni, mama. Leo nikikata huu, kesho mtu atauliza mingine mingapi imekatwa."

Blazena aliondoa sahani. Alipoziosha ziligongana kuliko kawaida, Alois naye akajifanya anasoma bei za mahindi.

Sisi wa huku tulifahamu vizuri kilichokuwa kwenye ukurasa ule. Chama kilikuwa cha wakulima wahamiaji wa Kicheki wa pande hizi, wanaume kwa wanawake. Ukiugua, wanachama wanakuja wawili wawili kukaa nawe na kukulishia ng'ombe. Ukifa, wanakuzika, na aliyeachwa anapata fedha za kuanzia. Kuingia, unapigiwa kura ya gololi. Kijisanduku kinazungushwa ukumbini, kila mmoja anaingiza mkono na kudondosha gololi moja, nyeupe au nyeusi, hakuna anayeona. Ikitokea moja nyeusi kura inarudiwa, labda mkono wa mtu ulikosea. Ikitokea tena, basi, umekataliwa. Mwezi Februari, mwaka ule wa theluji kubwa, Blazena Vondra alitokewa na gololi nyeusi moja, na kura iliporudiwa ikatokea tena.

Yeye mwenyewe usiku ule alikuwa nyumbani, gauni limeshapigwa pasi na kutundikwa mlangoni.

* * *

Jumanne Blazena alikwenda dukani kununua hamira. Aliyekuwa mbele yake kwenye foleni alikuwa Vilma Sedlak, mtunza hazina wa chama, amevaa kofia mpya ya bluu katikati ya wiki.

"Umependeza, Vilma!" alisema mwenye duka. "Unaolewa?"

"Nani atanioa mimi, wanaume wote tumewazika." Vilma alicheka, akagusa kofia. "Ijumaa napigwa picha. Yule binti wa nyaraka anataka picha ya wanachama wanawake. Waliobaki ni mimi tu, kwa hiyo sina wa kunizuia kukaa katikati."

"Na Bi. Vondra je? Si mtakaa pamoja?" Mwenye duka alimgeukia Blazena, halafu akakumbuka, akashika mizani isiyokuwa na kitu. "Ah. Ndiyo. Hamira ngapi?"

"Mbili," alisema Blazena.

"Blazena, mwenzangu," Vilma alisema, "kesho kutwa nitakuja kwenu kumletea Alois kijisanduku cha kura. Kiko kwangu bado. Nije saa ngapi nisikusumbue?"

"Umeshawahi kuuliza?"

Vilma alichukua mfuko wake, akatoka, na kengele ya mlango ikalia nyuma yake.

Njia nzima ya kurudi Blazena aliendesha pikapu huku akiongea peke yake. Ingekuwa kofia tu, angeivumilia. Vilma aliwahi kuchumbiwa na Alois kabla yake, kwa miezi michache, jambo ambalo kila mtu alilisema kwa kicheko na yeye hakuona la kuchekesha. Halafu chama kikampanga Vilma awe mwenzi wa Alois katika kutembelea wagonjwa. Wawili wawili, ndiyo kanuni. Wakapanda gari moja, msimu baada ya msimu, matope na theluji, kwenda kukaa na wazee wanaokohoa. Blazena ndiye aliyewapikia supu ya kuwapelekea wagonjwa. Aliifunga sufuria kwa taulo, akamkabidhi mumewe mlangoni, na kupitia dirishani pale juu ya kasha aliona Vilma akimsogezea Alois blanketi la magotini.

Na kwenye ngoma za ukumbini, ambazo zilikuwa wazi kwa wote, Blazena alisukuma unga kwa ajili ya kolache, vile vimkate vitamu vya matunda, tangu mchana. Nyundo ya mwenyekiti ilipogongwa na mlango kufungwa kwa kikao, wasio wanachama walitoka. Alivua aproni, akaenda kukaa kwenye gari na vijana na wachumba wao, akisubiri waliomo ndani wamalize siri zao ili arudi kutoa mikate kwenye oveni. Mara moja iliungua. Kwenye kitabu cha mikutano iliandikwa kwamba dada Vilma alishukuriwa kwa chakula kizuri.

Nani mwingine angedondosha gololi ile? Blazena hakuwahi kuuliza. Aliona haihitaji kuulizwa.

* * *

Alhamisi baada ya chakula cha mchana Alois alikwenda bandani kwa ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Blazena aliondoa vyungu vya maua, kitambaa, akafungua kasha. Harufu ya vumbi na nondo ilimpanda puani. Kitabu cha miaka ile kilikuwa cha nne kutoka juu. Alikiweka kwenye meza ya jikoni, akatafuta Februari, akachukua wembe wa mumewe.

Hakusoma. Alikwishausoma mara moja zamani, ukamtosha. Aliweka rula kando ya mshono na kuushika wembe kama anayetaka kupasua maboga.

"Hodi," alisema Vilma, na akaingia kama kawaida yake kabla ya kujibiwa, kijisanduku cha kura kikiwa kwapani.

Aliona kitabu. Akaona wembe. Akaweka kijisanduku mezani taratibu.

"Kitabu cha chama hicho, Blazena."

"Najua ni cha chama. Kila kitu cha chama. Mume wangu wa chama, sebule yangu ya chama. Sasa nataka karatasi moja iwe yangu."

"Uharibifu wa kitabu ni..."

"Usinisomee kanuni kwenye jiko langu! Kaa chini. Kaa! Leo utaniambia kwa mdomo wako. Nilikufanya nini mimi? Nilikuchukulia mchumba? Yeye ndiye aliyekuja kwetu na miguu yake. Ukaona unilipe kwa gololi, watu wote wajue, halafu ukae gari moja naye miaka yote, mimi niwafungie supu!"

Vilma alikaa. Alivua kofia ya bluu, akaiweka magotini, na bila kofia alionekana mzee.

"Ulidhani ni mimi?"

"Sikudhani."

"Miaka yote hii." Vilma alitikisa kichwa. "Ndiyo maana kwenye mazishi ya mama yangu uliniletea keki isiyo na sukari."

"Sukari ilikuwa imekwisha."

"Sukari haikuwa imekwisha, Blazena." Aligeuza kofia magotini. "Usiku ule sikupiga kura. Mzee Kubat alikuwa na homa, nikasimama mimi mlinzi wa mlango wa nje. Haikuandikwa, ilikuwa zamu ya usiku mmoja. Mlinzi wa nje hapigi kura. Nilisimama kwenye kibaraza nikikanyagakanyaga theluji, nilidhani vidole vyangu vya miguu vimekufa."

"Uongo."

"Muulize katibu."

Alois alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Mikono yake ilikuwa na damu ya ng'ombe hadi kwenye viwiko, na hakuwa ameenda kwenye beseni.

"Amezaa?" Blazena aliuliza kwa mazoea tu.

"Amezaa. Jike."

"Mlinzi wa nje hapigi kura?"

"Hapigi," alisema Alois.

"Na alikuwa nje?"

"Alikuwa nje."

Blazena alitazama kitabu kilichofunguliwa. Orodha ya waliohudhuria ilikuwa hapo, lakini hakuihitaji, aliijua kama anavyojua majirani. Theluji ilikuwa imezuia wengi. Alianza kuwataja, kila mmoja akimhesabia kidole. Mjomba wake mwenyewe, aliyempendekeza. Mke wa mjomba. Mwalimu, aliyekula kwao kila Jumapili. Ndugu wawili wa Kovar, ambao hawakuwahi kupinga jambo lolote duniani. Mwenyekiti Hajek.

"Hajek," alisema. "Hajek ndiye."

"Hajek alitoka anatukana," alisema Vilma. "Aliniuliza mimi pale kibarazani, ni mbwa gani aliyefanya hivi. Wote walitoka wakiulizana. Mjomba wako alikuwa karibu kupigana na mwalimu." Alikunja ukingo wa kofia. "Mmoja ndiye hakuuliza. Alitoka wa mwisho, akaenda moja kwa moja kwa farasi wake. Mtu mke wake amekataliwa, asiulize ni nani?"

Birika lilikuwa likichemka. Blazena hakumtazama mumewe mara moja. Aliweka wembe chini kwanza.

"Alois."

"Mikono yangu michafu," alisema Alois. "Ngoja nioshe."

"Mikono yako imekuwa michafu muda mrefu. Sema."

Alois alivuta kiti kwa mguu lakini hakukaa. "Hajek ndiye aliyekuwa anapanga wawili wawili," alisema. "Kwenye sherehe ya vuli alicheza na wewe ngoma tatu mfululizo. Akaniambia mbele ya watu, mlete mkeo chamani, Vondra, mimi mwenyewe nitazunguka naye. Watu wakacheka. Na wewe ukacheka. Nikawaza usiku, gari la farasi, blanketi moja..."

"Hajek?" alisema Blazena.

"Alipiga akodiani. Wanawake walimpenda."

"Hajek alikuwa ananuka kitunguu saumu mpaka kwenye kola! Nilikuwa nacheza naye nimegeuza uso! Vilma, alikuwa ananuka au hanuki?"

"Alikuwa ananuka," alisema Vilma.

"Na mara mbili." Sauti ya Blazena ilishuka. "Ya kwanza naweza kusema hasira. Lakini walirudia, Alois. Walikuzungushia sanduku tena, wakakupa nafasi ya kusema mkono ulikosea. Ukauingiza mkono mara ya pili."

Alois alitazama mikono yake.

"Halafu ukaja nyumbani ukanishika bega ukaniambia pole. Mimi nikalitundua gauni. Halafu wewe ukazunguka na huyu."

"Kanuni ya chama ilinipanga."

"Toka," alisema Blazena. "Nenda kwa ndama."

Alitoka. Walimsikia akifungulia maji ya bomba la nje na kuosha muda mrefu.

"Wewe ulijua," Blazena alimwambia Vilma.

"Nilihisi. Kujua ni kitu kingine. Na kura ni siri, tuliapa."

"Ungeweza kuniambia siyo wewe. Hiyo siyo siri ya kura."

Vilma alifikiri. Ni mwanamke asiyependa kusema uongo, ila huwa anachelewa kusema kweli.

"Mume wangu alikufa mapema," alisema. "Watoto sikupata. Nilikuwa na ng'ombe wanane na redio. Ukinitazama vile dirishani, kwa jicho lile baya, nilijiona kama mwanamke mwenye kitu. Nani mwingine kwenye nchi hii alinionea wivu mimi? Sikutaka kuupoteza."

Blazena alimkodolea macho. Kisha akainuka, akachukua birika, akamwagia kahawa. Aliweka bakuli la sukari mbele yake kwa kishindo.

"Weka utakavyo," alisema. "Leo ipo."

* * *

Ijumaa asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, Blazena alimkuta mumewe sebuleni amepiga magoti mbele ya kasha, kitabu kiko juu ya mfuniko, wembe mkononi.

"Unafanya nini?"

"Ule ukurasa," alisema Alois. "Ulitaka ukatwe. Nimefikiri. Ni haki yako."

"Ni haki yangu."

"Chama chenyewe kimefungwa. Ukumbi kauziwa mtu wa marobota ya nyasi. Nani atajali ukurasa mmoja?"

"Jumatatu kila ukurasa ulikuwa na namba na mhuri."

"Jumatatu sikufikiri vizuri."

"Jumatatu aliyeaibika humo nilikuwa mimi." Blazena alimnyang'anya wembe, akaukunja, akautia mfukoni mwa aproni. "Kanuni ni kanuni, baba. Ukikata huu, kesho mtu atauliza mingine mingapi imekatwa. Rudisha kitabu."

"Watasoma, Blazena. Vilma anajua. Itasemwa."

"Wasome. Mwandiko ni mzuri."

Alibaki amesimama mpaka kitabu kikarudi mahali pake, cha nne kutoka juu. Alois alipoinuka alishika ukingo wa dirisha, magoti yakalia, naye hakumpa mkono.

* * *

Binti wa nyaraka aliitwa Lindquist, mrefu, mwenye viatu visivyofaa kwa matope yetu. Alikula kolache nne na kusifu zote, akawa ameshapendwa na nusu ya nyumba. Vilma alikaa na kofia yake ya bluu. Vitu vilitolewa kashani kimoja kimoja, binti akiandika. Alipofikia kijisanduku cha kura alikifungua kama mtoto aliyepewa zawadi, akauliza kinavyotumika, na Alois akaeleza kwa ufupi kuliko alivyowahi kueleza jambo lolote la chama.

"Kwa hiyo mtu mmoja tu angeweza kumzuia mwingine maisha yake yote?"

"Angeweza kuomba tena baada ya nusu mwaka," alisema Alois.

"Kama hajali kukataliwa mara mbili," alisema Blazena, akimwongezea binti kahawa.

Ikafika picha. Walitoka uani penye mwanga. Binti alimpanga Vilma kwenye kiti, akarudi nyuma, akamwona Blazena amesimama kwenye ngazi za jikoni.

"Na wewe, mama Vondra? Hukai? Wewe pia ulikuwa mwanachama, si ndiyo?"

Blazena alifuta mikono kwenye aproni. "Muulize katibu," alisema. "Kumbukumbu zote anazo yeye."

Binti akamgeukia Alois, kalamu tayari, anatabasamu. Kuku wawili walipita katikati yao. Vilma alitazama mapaja yake. Alois alivua kofia, akaivaa tena.

"Hapana," alisema. "Alikataliwa kwa kura."

"Oh. Pole sana. Ilijulikana ni nani?"

"Kura ni siri," alianza Alois, kisha akamwona mkewe. Hakuwa amekasirika. Alois angeelewa zaidi kama mkewe angekasirika. Blazena alikuwa anasubiri tu, kama alivyosubiri kwenye gari nje ya ukumbi miaka mingi, amefunga kitambaa kichwani, hajui ndani wanasema nini.

"Ni mimi," alisema Alois Vondra. "Andika. Ni mimi niliyemkataa."

Binti hakujua kama aandike au asiandike. Vilma alishika kofia yake.

"Piga hiyo picha, mwanangu, kofia inanibana. Na wewe Blazena, njoo ukae. Chama kimekufa, hakuna wa kukufukuza."

"Sikai kwenye picha ya chama," alisema Blazena. "Ila naweza kusimama kwenye uwanja wangu." Akashuka ngazi, akasimama nyuma ya kiti cha Vilma na aproni yake, mkono mmoja mfukoni. Ndivyo anavyoonekana kwenye picha ile mpaka leo, na chini yake pameandikwa jina la Vilma tu.

Mchana kasha lilipakiwa. Wiki mbili baadaye ilifika barua ya shukrani kutoka Lincoln, pamoja na orodha ya vitu vilivyopokelewa. Alois aliisoma mezani. Yote yalikuwa sawa, isipokuwa mstari wa kijisanduku cha kura. Walikuwa wameandika kwamba gololi nyeusi zimepungua moja, labda ilianguka njiani.

"Niwajibu nini?" aliuliza.

Blazena aliendelea kukanda unga. Dirishani, pale palipokuwa na kasha, vyungu vya maua sasa vilikuwa vimepangwa kwenye kizingiti. Kati ya chungu na chungu, mahali ambapo mtu aliyekaa kwenye kiti cha Alois hawezi kuinua kikombe bila kuiona, kulikuwa na gololi nyeusi, imepanguswa vizuri.

"Wewe ndiye katibu," alisema. "Andika lililotokea."